BARUTI ISIWE SIRI YA WACHACHE

Katika nchi hii ya Ziwa, jiwe ndilo jirani wa kwanza wa mtu. Mji wa Mwanza umekaa juu ya mawe, na nyumba za vilimani zimejibanza katikati ya majabali kama pimbi. Atakaye msingi wa nyumba hulipasua jiwe kwa moto na nyundo. Mama atakaye sare ya shule ya mwanawe huketi juani akiligonga jiwe mpaka liwe kokoto. Na atakaye dhahabu, huko Geita, Nyarugusu na Misungwi, hulifuata jiwe lenyewe chini ya ardhi. Lakini jiwe lina kiburi. Nyundo ikishindwa, baruti huitwa.

Hatusemi kuwa baruti ni kitu kibaya. Bila baruti hakuna mgodi mkubwa hata mmoja, wala hakuna mawe ya kutosha kwa reli mpya ya Mwanza na Isaka, kilomita 341, ambayo ujenzi wake ulianza mwaka 2021. Baruti ni chombo cha kazi kama jembe na nyavu. Tofauti yake ni hii: jembe likikosewa hukata mguu wa mmoja, baruti ikikosewa huzika zamu nzima.

Basi neno letu leo ni moja, nasi twataka lisomwe katika kila tawi kuanzia Sengerema hadi Magu. Baruti inalipuka miongoni mwa watu, lakini elimu yake, kipimo chake na kibali chake vimekaa mbali na watu hao. Kwa sababu hiyo mchimbaji mdogo anakufa shimoni, na mwananchi anaona ufa ukutani mwake, na wote wawili wanaambiwa kwamba kosa ni lao wenyewe. Sisi twasema kosa si lao. Na twasema dawa ipo.

SHERIA NI YETU

Kwanza tuwajibu wale wenzetu wanaopiga kelele kwamba sheria za baruti ziondolewe, kila mtu anunue kama anunuavyo chumvi. Hao wanakosea, nasi hatutawaunga mkono hata wakitupigia makofi.

Sheria ya Baruti si amri ya gavana. Ilitungwa mwaka 1963 na Bunge la Tanganyika huru, muda mfupi baada ya bendera ya Mwingereza kushushwa. Sheria hiyo yakataza mtu kutengeneza baruti, kuiingiza nchini, kuinunua, kuihifadhi, kuisafirisha au kuilipua pasipo kibali. Tangu mabadiliko ya sheria ya madini ya mwaka 2017, kazi ya vibali hivyo imo mikononi mwa Tume ya Madini. Waliotunga sheria ile walijua walitendalo, na miaka iliyofuata imewathibitisha.

Tarehe 4 Agosti 2020 bandari ya Beirut, huko Lebanoni, ililipuka, na zaidi ya watu 200 wakafa. Iliyolipuka ilikuwa amonia naitreti, tani 2,750, yaani chumvi ileile ambayo dunia nzima huitumia kwa mbolea na kwa baruti za migodini. Mzigo ule haukuwa wa vita. Meli iliyoubeba ilikuwa safarini kwenda Beira, Msumbiji, kwa ajili ya kiwanda cha baruti za kazi. Ulishushwa Beirut, ukasahauliwa ghalani takriban miaka 6, na kila ofisi ikaiachia ofisi nyingine. Ndugu, Beira si mbali. Ni pwani yetu hii hii ya Afrika Mashariki na Kusini.

Nasi wenyewe tuna makaburi yetu. Tarehe 29 Aprili 2009 maghala ya silaha ya Mbagala yalilipuka, na tarehe 16 Februari 2011 yakalipuka ya Gongo la Mboto, zote mbili katika Dar es Salaam. Zile zilikuwa risasi na mabomu ya jeshi, si baruti za mgodi, lakini fundisho ni lile lile: kitu kilipukacho na nyumba za watu havikai pamoja.

Tena tazameni pwani. Kwa miaka mingi, kutoka Tanga hadi Mtwara, wavuvi haramu walitupa baruti baharini, wakaua samaki wakubwa na wadogo pamoja na mayai yao, na wakavunja matumbawe ambayo ni nyumba ya samaki. Sheria ilikuwapo tangu zamani. Baruti zile hazikuota baharini. Nyingine zilipikwa kwa mbolea, na nyingine zilivuja kutoka migodini na kwenye machimbo ya mawe. Mlango ulioachwa wazi bara ulivunja matumbawe ya pwani.

Na sisi wa Ziwa tusiwacheke watu wa pwani. Mwaka 1999 Umoja wa Ulaya ulifunga soko lake kwa samaki wa Ziwa Victoria kwa hofu ya sumu ya wavuvi wachache waliotaka samaki kwa njia ya mkato. Wachache walitia sumu, na mwalo mzima ukalala njaa. Kwa hiyo atakayetuambia kibali cha baruti ni usumbufu mtupu, tutamjibu kwamba hata mlango wa nyumba ni usumbufu, lakini hakuna aulazaye wazi usiku.

MCHIMBAJI MDOGO NA BARUTI YA GIZANI

Baada ya kusema hayo, na tuitazame sheria hiyo kutoka chini ya duara, mahali anaposimama mchimbaji mdogo.

Mtu huyu amechoronga mwamba siku nzima. Dhahabu anaiona ikimeremeta, lakini mwamba umekataa. Sheria yamtaka awe na ghala maalumu la baruti, na fataki zikae mbali na baruti yenyewe. Yamtaka awe na fundi wa baruti mwenye cheti. Yamtaka awe na kibali cha kununua, cha kusafirisha na cha kuhifadhi. Yote hayo ni haki. Lakini duara lake ni la watu 10 wanaogawana viroba vya mawe, na gharama ya ghala moja inapita mapato yao. Afanye nini?

Twajua afanyavyo, kwani tunapita huko. Hununua gizani kwa mtu wa kati. Baruti huja imefungwa ndani ya kiroba, nyuma ya pikipiki, pamoja na fataki zilizopaswa kusafiri mbali nayo. Haina tarehe. Haina maelezo. Utambi umekatwa mfupi kwa sababu huuzwa kwa kipimo, na kila inchi ni fedha. Aliyemwuzia hamfundishi kitu, kwani mwizi hafungui darasa.

Kisha hufuata mambo matatu yanayoua, na kila mchimbaji ayajue.

La kwanza ni utambi mfupi. Moto ukishauma, mtu ana muda wa kupanda kamba au hana. Hakuna mkutano wa pili.

La pili ni tundu lililokataa kulipuka. Watu wamehesabu milio, wakakosa mmoja, lakini zamu inadai mawe. Mtu anarudi, anachokonoa, au anachoronga pale pale. Fundi aliyefundishwa hungoja muda uliowekwa, hurudi yeye peke yake, na hajaribu kamwe kuichimbua baruti iliyolala. Asiyefundishwa huifukua kwa sululu kama kiazi.

La tatu ni moshi. Baruti ikishalipuka huacha hewa mbaya, na mojawapo ni kaboni monoksaidi, ambayo haina rangi wala harufu. Humlaza mtu kama usingizi. Wengi hushuka mapema kwa sababu vumbi limetulia, wakidhani vumbi likitulia hewa imekuwa safi. Vumbi huonekana, sumu haionekani.

Mambo hayo matatu yangefundishwa kwa wiki chache, kwa Kiswahili, chini ya mwembe. Kwa nini hayafundishwi katika kila chimbo?

“WATU HAWA NI WAJINGA”

Tumewasikia mabwana wengine wakisema mchimbaji mdogo ni mjinga, hana subira, akipewa baruti atajilipua. Neno hilo si geni masikioni mwetu. Ndilo walilotuambia wakoloni juu ya kura, juu ya ushirika na juu ya shule. Mgodi wa kikoloni ulipangwa hivyo: elimu juu, jasho chini. Mwafrika alibeba jiwe, na hesabu ya jiwe ikakaa ofisini.

Sisi tuliosomea ualimu tulifundishwa jambo moja la kwanza kabla ya mengine yote: mtoto asiyefundishwa hana kosa la kushindwa mtihani. Mtu ambaye anaweza kusoma mkondo wa dhahabu ndani ya mwamba kwa mwanga wa tochi, na ambaye anajua kwa mlio wa nyundo kwamba paa la shimo limechoka, mtu huyo si mjinga. Hajafundishwa baruti, basi. Aitwe darasani.

Tena atafundishwa kwa lugha gani? Sheria ya mwaka 1963 iliandikwa kwa Kiingereza, na maelezo yaliyo juu ya maboksi mara nyingi ni ya lugha za kigeni. Mwaka 2021 Bunge lilipitisha sheria kwamba Kiswahili ndicho kiwe lugha ya sheria na ya mahakama. Tulishangilia. Sasa twauliza swali moja tu: sheria ambayo mtu akiikosa anakufa haikustahili kutangulia mbele ya nyingine zote kufika machimboni kwa Kiswahili, imebandikwa ukutani kwenye kila ghala?

Wala mtu asituambie kwamba Serikali haiwezi kuwafikia wachimbaji huko walipo. Machi 2019 soko la dhahabu lilifunguliwa Geita, na mengine yakafuata. Ofisi, mizani na maofisa vilisogezwa karibu na shimo ili mchimbaji auze kwa halali na Taifa lipate haki yake. Sheria ya mwaka 2017 ilikuwa imeuweka mrabaha wa dhahabu kuwa asilimia 6, pamoja na ada ya ukaguzi ya asilimia 1. Jambo lile lilikuwa jema, na dhahabu nyingi iliyokuwa ikipita vichochoroni ikaanza kupita mlangoni. Basi! Tumejua njia. Kama mzani wa kupima dhahabu ulipata gari la kuufikisha kwa mchimbaji, mwalimu wa baruti amekosa gari gani? Dhahabu ya mtu isiwe na thamani kuliko mkono ulioichimba.

UFA UKUTANI

Sasa tutoke shimoni, twende kwa jirani wa mgodi na jirani wa chimbo la kokoto.

Mjini Geita, wakazi wa mitaa ya Katoma na Nyamalembo wamelalamika kwa miaka mingi kwamba milipuko ya mgodi mkubwa imepasua nyumba zao. Malalamiko kama hayo hayako Geita peke yake. Husikika palipo na baruti na nyumba kwa pamoja. Jibu wanalopewa watu lafanana kila mahali: “Nyumba zenu mmejenga vibaya. Msingi ni mfupi, tofali ni bichi, mvua imeingia.”

Sisi hatutaki kujibu uongo kwa uongo. Nyumba hupasuka kwa msingi mbaya, na hupasuka kwa udongo unaovimba masika na kunywea kiangazi. Lakini nyumba dhaifu si ruhusa ya kuitikisa. Mgonjwa akiwa na mifupa laini, je, ndipo apigwe zaidi?

Tena jambo hili si la kubishana kwa midomo, lina kipimo. Baruti ikilipuka, mwamba hutikisika, na mtikisiko husafiri mpaka kwenye nyumba. Chombo huupima kwa milimita kwa sekunde. Ujerumani, kwa mtikisiko wa mawimbi ya polepole, mwongozo wao hutaja milimita 5 kwa sekunde kwa nyumba ya kawaida, na 3 tu kwa jengo dhaifu au la kale. Marekani, uchunguzi wa serikali wa mwaka 1980 ulitaja 12.7 kwa nyumba za zamani zenye plasta. Namba hizi hazilingani kwa sababu nyumba hazilingani. Basi mama mwenye nyumba ya matofali ya udongo ameambiwa na nani namba ya nyumba yake? Na siku kishindo kilipomwangushia sahani kabatini, nani alimwonyesha chombo kilisoma ngapi?

Wengine husema: “Hatuna la kufanya, mwamba ni mgumu, baruti lazima iwe nyingi.” Hilo nalo si kweli. Nguvu ya mtikisiko haitokani na uzito wa baruti yote ya siku ile, bali na uzito unaolipuka kwa mpigo mmoja, na umbali wa nyumba. Kuna fataki za kuchelewesha, ambazo hulipua tundu hili, kisha lile, kwa kupishana sehemu ndogo kabisa ya sekunde. Masikio husikia kishindo kimoja kirefu, lakini ardhi imepigwa vipande vipande. Ni sawa na kushusha gunia la pamba kutoka kwenye lori: waweza kulitupa likatikisa sakafu, waweza kulishusha taratibu. Fundi ajua kulishusha. Anahitaji tu kujua kwamba kuna mtu anayehesabu.

TUSIMAME KANDO YA MZANI

Hapo ndipo twataka wananchi wa Ziwa wakumbuke habari yao wenyewe, kwani hatuhitaji kwenda Ulaya kutafuta mfano.

Mwanzoni mwa miaka ya 1950 wakulima wa pamba wa Usukuma waliona kwamba mizani ya wanunuzi inawaibia. Mkulima alileta pamba ya mwaka mzima, akaambiwa namba, naye hana njia ya kuikataa. Hawakuchoma maduka. Walichagua wapimaji wao wenyewe, watu wanaojua kusoma namba, wakawaweka kwenye vituo vya kununulia pamba wasimame kando ya mzani. Paul Bomani alikuwa mmoja wa viongozi wa kazi ile, na mwaka 1955 vyama vile vikaungana vikawa Victoria Federation, ushirika uliosifika Afrika nzima. Mambo makubwa yote yale yalianza na mtu mmoja aliyesimama kando ya mzani akaisoma namba kwa sauti.

Baruti nayo yataka mtu wa kusimama kando yake. Hatutaki kuushika utambi wa mgodi wa mtu. Twataka kuisoma namba.

Kwa hiyo twadai mambo manne.

Kwanza, kila mtaa na kijiji kinachopakana na mgodi au chimbo kichague wapimaji wake, wafundishwe kukisoma chombo cha mtikisiko, na namba ya kila mlipuko ibandikwe siku ile ile kwenye ubao wa ofisi ya kijiji, pamoja na saa ya mlipuko unaofuata.

Pili, kabla chimbo jipya halijapewa ruhusa ya kulipua, nyumba zote za karibu zikaguliwe na kupigwa picha, na mwenye nyumba apewe nakala. Hapo ufa wa zamani utajulikana, na ufa mpya utajulikana. Mwenye haki atalipwa, na mdanganyifu ataaibika, awe kampuni au awe jirani yetu.

Tatu, wachimbaji wadogo wasaidiwe kujenga ghala la pamoja kwa kila eneo, chini ya chama chao cha ushirika, lenye mlinzi na daftari. Baruti iingie kwa kuandikwa na itoke kwa kuandikwa, na inayobaki irudi. Hivyo mtu mdogo atapata baruti ya halali, na mtu wa gizani atakosa mteja. Njia ya kuukausha mto wa magendo ni kuchimba kisima cha halali.

Nne, mafunzo ya fundi wa baruti yatolewe machimboni, kwa Kiswahili, kwa ada ambayo mchimbaji aweza kuilipa, na mtihani uwe wa kazi, si wa Kiingereza. Asiyefaulu asipewe cheti, hata awe mtoto wa nani.

Madai haya si ya kuomba fadhila. Vilevile si ya kulegeza sheria hata chembe. Twataka sheria ya mwaka 1963 ifike hadi mwisho wa safari yake, yaani hadi mkononi mwa mtu mwenye utambi na mlangoni mwa mtu mwenye ufa. Sheria inayokaa kabatini haijazuia mlipuko wowote.

Nasi wanachama tuna kazi yetu, tusingoje kila kitu kutoka Dodoma. Kila tawi lililo karibu na chimbo lifungue daftari wiki hii. Andikeni siku, saa na sauti ya kila mlipuko. Andikeni nyufa, na tarehe zilipoonekana. Msiongeze chumvi, kwani neno moja la uongo litaua maneno 100 ya kweli. Waiteni mafundi wa baruti wenye vyeti walio miongoni mwenu, na wapo, wawafundishe vijana juu ya utambi, tundu lililolala na moshi usioonekana. Na amjuaye auzaye baruti ndani ya kiroba asimfiche kwa sababu ni ndugu au jirani. Baruti aliyoiuza haitauliza undugu.

Wazee wetu walijifunza kusoma mzani wa pamba kwa sababu walichoka kuambiwa. Wapimaji wa baruti wachaguliwe katika mkutano wa kwanza wa tawi, na majina yao yaandikwe ukurasa wa kwanza wa daftari.